Tulipokwenda Maskati Kutembea

Harufu yenyewe si ya kitu cha maana. Ni harufu ya jiwe. Juzi juzi mjukuu wangu alikuwa akinirudisha nyumbani Sib, kiyoyozi cha gari lake kikagoma, tukashusha vioo pale njia inapopenya baina ya majabali karibu na Maskati ya kale. Hewa iliyoingia ilikuwa hewa ya jabali lililookwa na jua tangu asubuhi, pamoja na chumvi ya bahari ambayo bado huioni. Mjukuu akalalamika joto. Mimi nikatoa na mkono nje kabisa. Nilikuwa nimerudi kwenye miaka kumi na mbili, furushi mapajani, na Mama kando yangu.

Siku ile Mama alikuwa ananipeleka kuniacha. Mimi nilidhani tunakwenda kutembea.

Nyinyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa tulivyofika Oman. Tulitoka Unguja baada ya mapinduzi na kile kilichobebeka, tukashuka Matrah, tukaambiwa karibuni, mmerudi kwenu, na huko kwetu ndiyo kwanza tunakuona. Baba alikaa nasi muda mdogo kisha akaenda Kuweti kutafuta kazi, maana wakati ule hapa kazi ya mtu aliyesoma ilikuwa haipo. Sisi akatuacha Sib kwa binamu yake, katika nyumba ya makuti ya mtende karibu na pwani ya wavuvi. Mama, mimi na mdogo wangu katika chumba kimoja kilichopakana na jiko. Binamu alikuwa mtu mwema. Mkewe naye hakuwa mbaya. Hakutunyima chakula hata siku moja, ila kila akifunua sufuria ili apakue alikuwa anashusha pumzi, na pumzi ile Mama aliisikia hata akiwa uani. Mama, ambaye Unguja alikuwa na jiko lake na mlango wake, akaanza kula kidogo.

Ndipo ulipokuja ujumbe kutoka Maskati. Dada yake Baba, Shangazi Zuwena, mjane asiye na mtoto, alimtuma mtu aje aseme kuwa nyumba yake ina vyumba na yeye hana wa kukaa naye. Basi apewe yule mtoto wa kike. Jambo hilo, mnajua, halikuwa la ajabu. Nani katika sisi hakulelewa na shangazi, au na khaloo, dada wa mama, au na bibi wa upande wa pili? Mtoto alihamishwa nyumba kama mche wa mchaichai anaopewa jirani, na aliyepewa akashukuru. Mama alikaa na ujumbe ule siku kadhaa bila ya kuniambia. Halafu jioni moja, akinisuka nywele, akasema kesho tunakwenda Maskati kutembea, ukamwone shangazi yako. Nilisikia vidole vyake vimesimama kwenye nywele zangu, nikadhani amepoteza fundo.

Nilikuwa mtoto wa haya, na kule Sib haya zangu zilizidi. Kiarabu changu kilikuwa cha msahafuni. Nikiomba maji, watoto wa binamu wanaanguka kwa kicheko, wanasema huyu anaongea kama khatibu wa Ijumaa. Basi nikaacha Kiarabu, na kidogo kidogo nikaacha hata Kiswahili, isipokuwa masikioni mwa Mama. Yaliyobaki nilikuwa nikijiandikia kwa penseli kwenye karatasi za kufungia majani ya chai. Jioni ile niliandika kwamba nakwenda kuuona mji wenye ngome mbili.

Mdogo wangu tulimwacha kwa mke wa binamu, tukaondoka baada ya alfajiri kwa Landrova ya kukodi, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma juu ya magunia ya papa mkavu. Barabara haikuwapo, dereva alifuata alama za magurudumu ya jana, na mahali upepo ulipozifuta alama alifuata akili yake. Darsait, ambako leo unazunguka nusu saa kutafuta pa kuegesha gari, palikuwa na mitende michache na kisima. Kila tulipopigwa na shimo nililikumbatia furushi langu. Mama alikuwa amelifunga kwa kanga ya kijani, akanipa nilishike vizuri, akaniambia nisilifungue. Sikuuliza lina nini. Nilijua. Huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu, basi hii ni zawadi ya Shangazi, na mimi ndiye nimepewa heshima ya kuibeba.

Baada ya Matrah njia ikapanda majabalini, na hapo ndipo harufu ile iliponipata kwa mara ya kwanza. Mawe yalikuwa meusi, hayana hata jani moja, jua limeyakalia. Halafu tukashuka, na chini yetu mji ukatokea wote kwa pamoja, mweupe, umejikunja ndani ya ukuta wake kama kitu kilichofichwa mkononi.

Gari liliachwa nje ya lango kubwa. Dereva akatuambia, akilitazama lango badala ya kututazama sisi, kuwa baada ya adhuhuri atapiga honi, na hamngoji mtu. Alikuwa na haki yake. Mji ule ulikuwa na amri zake: ikifika saa yake jioni ngoma inapigwa, malango yanafungwa, na ukionekana njiani baada ya hapo bila ya taa mkononi, yatakayokukuta umeyataka mwenyewe.

Na mji wenyewe, jamani. Vichochoro vilikuwa vyembamba hata punda aliyebeba maji akipita inabidi mjibanze ukutani. Kuta zilipakwa chokaa, na jua likizipiga unafumba macho; ukikata kona unaingia kwenye kivuli baridi chenye harufu ya ubani na samaki. Wanawake walivaa rangi ambazo sikuwahi kuziona pamoja katika mwili wa mtu mmoja, machungwa juu ya zambarau, kijani juu ya nyekundu, na mimi na Mama katika mabuibui yetu meusi tulikuwa kama kunguru wawili waliopotelea kwa kasuku. Tulipofika penye bahari nikasimama. Ilikuwa ghuba ndogo, maji ya kijani hata unaona mchanga chini, ngome moja huku, ngome nyingine kule, na majabali yamezunguka. Ngome moja ilikuwa jela, na watu wakipita chini yake walishusha sauti kama wanapita mlangoni kwa mgonjwa.

Kwenye majabali yale palikuwa na maandishi. Majina, kwa rangi nyeupe na herufi kubwa za Kizungu, juu kabisa mahali ambapo nisingeweza kuelewa mtu alifikaje. Skuli ya Unguja ilinifundisha kuzisoma. Nilimwuliza Mama ni nini, akasema ni mabaharia, meli yao ikifika hapa huandika jina lake. Nikatazama bandarini. Hapakuwa na meli hata moja. Basi nikafahamu kwa njia yangu: hizo ni meli zilizokwenda zisirudi, na kila moja iliandika jina lake kwa kuwa ilijua. Zilinitia huruma. Nikasimama pale nikazisomea Fatiha, jina moja baada ya jingine, midomo inacheza. Mama akaniuliza nafanya nini, nikamwambia nazisomea meli. Badala ya kucheka akageuza uso kwenye upepo, akarekebisha buibui lake ambalo lilikuwa limekaa sawa.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa si mbali na lango kubwa, mlango mfupi wa mbao nzito na ngazi za mawe zilizolika katikati. Juu palikuwa na chumba kirefu, zulia jekundu, mito ukutani, na dirisha la nondo za mbao lililotazama kichochoro. Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, hina mpaka kwenye vifundo vya mikono, na macho ya Baba. Hilo lilinishtua, macho ya Baba kwenye uso wa mwanamke. Alimpokea Mama kwa Kiarabu, wakaulizana habari mara tatu tatu kama desturi ya huku, za watoto, za njia, za binamu, na Mama akajibu kwa kile Kiarabu chake cha sokoni ambacho alikitembeza kwa ujasiri kuliko mimi.

Kisha Shangazi akanigeukia. Nikambusu mkono. Sauti ilinipotea, lakini kazi yangu niliijua, nikanyanyua furushi kwa mikono miwili nikamwekea mapajani.

"Zawadi yako, Shangazi," nikanong'ona.

Nilimsikia Mama akivuta pumzi. Shangazi alilegeza fundo akafunua pembe moja. Nikaona gauni langu la maua ya manjano. Nikaona kitana changu, na juzuu yangu yenye jalada lililochanika. Ningependa nikwambieni kuwa hapo nilifahamu, lakini sikufahamu. Nilichofahamu ni kuwa maskini Mama amekosa kitu cha kumzawadia wifi yake, ndipo akachukua gauni langu zuri. Na kilichonitia wasiwasi ni urefu wa Shangazi. Halitamwingia, nikajisemea, halitapita hata mabegani. Shangazi alilitazama gauni, akamtazama Mama, na Mama alikuwa akilitazama zulia. Akalifunga tena furushi, polepole, akaliweka chini kando ya goti lake.

"Ahsante, yakhe," akaniambia. "Nzuri hasa."

Kwa Kiswahili. Na yakhe, juu ya hivyo, neno la wenzako mnaogombania zamu kwenye mchezo. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza bila ya kukumbuka haya zangu.

Shangazi Zuwena alizaliwa Pemba. Alipofika umri kama wangu aliletwa Oman, wakati huo Baba yangu hata hajazaliwa, na tangu siku hiyo alikuwa hana wa kusema naye Kiswahili ila msafiri wa kupita. Basi Kiswahili chake kilibaki pale pale kilipokatikia. Alikuwa na mvi, ana mikunjo shingoni, na anasema kama msichana wa miaka kumi na mbili. Aliniuliza kama bado tunacheza mdako, na kama siku hizi ukidaka kokoto mbili badala ya moja mnahesabu kosa au mnasamehe. Aliniuliza habari za mashokishoki, kama bado ni matamu. Akaniuliza kwa udaku mkubwa nani katika wenzangu alikuwa mwizi mchezoni, nikamtajia, akasema kwao pia alikuwapo mmoja, hadi leo hajamsamehe. Nilijikuta nasema. Nilisema siku ile kuliko nilivyosema mwezi mzima Sib, na hakuna aliyecheka ila mahali pa kuchekwa.

Lakini alipotaka kusema juu ya marehemu mumewe, au maradhi yake, au wapangaji wa chini, alimgeukia Mama na kuhamia Kiarabu. Hakuwa na Kiswahili cha mambo hayo. Ndoa ilimkuta baada ya lugha kukatika, na ujane vilevile. Nami nilikuwa nikingoja amalize mambo ya wakubwa arudi kwangu, kama unavyomngoja mwenzako aliyeitwa na mama yake mara moja.

Tukala tende, tukala haluwa ya moto inayoteleza vidoleni, kisha ikaja kahawa. Shangazi alimimina mwenyewe, birika la dele mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, vile vikombe vidogo visivyo na mkono. Alitia kidogo tu, chini kabisa, kahawa nyepesi yenye iliki hata inawasha puani. Nikanywa, nikamrudishia. Akatia tena. Nikanywa.

Leo kila mtu anajua desturi hiyo. Mwenyeji wa huku hakuulizi kama umetosheka. Anamimina, na anaendelea kumimina, mpaka wewe mwenyewe ukitikise kikombe kwa kifundo cha mkono unapomrudishia. Usipotikisa, bado unataka. Na wageni hawanyanyuki kuaga wakati kikombe cha mmoja wao bado kinazunguka. Lakini mimi ningejulia wapi? Kwa binamu watoto hatukupewa kahawa. Na kwetu Unguja, Mama alinilea kwa sheria moja iliyonyooka: katika nyumba ya watu huachi unachopewa, na hukatai. Basi sheria mbili zikakutana tumboni mwangu.

Mama alitikisa kikombe chake mapema. Kisha akanitazama. Nikasoma macho yake kama nilivyozoea kuyasoma: maliza, usiniaibishe. Nikamaliza. Shangazi akatia. Mama akanitazama tena, nikamaliza tena. Iliendelea hivyo hata jua likahama kutoka mguu wa Shangazi hadi ukutani, wao wanazungumza, mimi nakunywa, na baina ya kikombe na kikombe Shangazi ananiuliza jambo la Pemba ambalo sikulijua, nami namjibu la Unguja, na yeye anatosheka.

Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nna watoto, tulikuwa tunakunja nguo na Mama, nikamwuliza kwa nini siku ile hakuniambia. Alikuwa akiijua desturi ile vizuri. "Nilikuwa nakutazama nikwambie utikise," akasema. "Neno moja tu. Nikashindwa kulitamka." Ningetikisa, angelazimika kusimama, na akisimama ndiyo basi. Shangazi naye, aliyezeeka na desturi zile, angeweza kunielekeza kwenye kikombe cha pili tu. Lakini amepata mtu wa kumwuliza habari za mdako baada ya umri mzima, nani wa kumlaumu? Wanawake wawili watu wazima, kila mmoja na sababu yake, na wote wakiomba kimoyomoyo mtoto asitikise mkono.

Mwili ndio uliotikisika. Moyo ulianza kwenda mbio kama nimefukuzwa na ng'ombe, masikio yakavuma, haluwa ikageuka ndani. Nilisimama kulikimbilia dirisha na sikufika. Nilitapika kwenye lile zulia jekundu, kitu cheusi kitamu, mbele ya shangazi yangu niliyemwona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nilitamani nife. Nilifumba macho nikingoja sauti kali, na badala yake nikahisi kiganja kinanishika kipaji cha uso, na upindo wa shela unanifuta mdomo, na juu ya kichwa changu mtu anacheka kwa kwikwi kama anavyocheka msichana aliyekatazwa kucheka.

"Yakhe, kwa nini hukutikisa?"

Akachukua kikombe, akakitikisa kwa vidole viwili mbele ya macho yangu. Kitendo kidogo hivyo. Nikamgeukia Mama nicheke naye, na Mama alikuwa hacheki.

Honi ikalia ng'ambo ya ukuta.

Mama alisimama, akakaa tena. Akanivuta kwake, akanifuta uso ambao ulikwisha futwa. Akaanza kusema kwamba mimi nitabaki na Shangazi kidogo, kwamba hapa pazuri, nimepaona, kuna hewa, na Shangazi atanisomesha msahafu na kushona, na yeye atanifuata. Alisema haraka, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa. Na huku anasema, macho yangu yakaenda kwenye furushi lililokaa kando ya goti la Shangazi. Gauni langu. Kitana changu. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa zawadi haikukosekana.

Sikulia. Nilimwuliza muda gani.

"Siku mbili tatu, mwanangu. Nitakufuata."

"Usimwambie siku," akasema Shangazi.

Aliisema kwa Kiswahili. Angeweza kuhamia Kiarabu, maana yalikuwa mambo ya wakubwa, lakini alitaka nisikie na mimi.

"Mie niliambiwa nakwenda kutembea," akasema. "Mama akanambia tende zikiiva atanifuata." Akalipapasa zulia mahali pakavu, kama anafuta vumbi. "Hapa tende zinaiva kila mwaka."

Huyo mama aliyemtaja alikuwa bibi yangu, yule bibi mpole wa Pemba niliyemjua kwa harufu ya viungo na kwa mapaja ya kulalia. Sikuwahi kumfikiria kuwa mtu aliyewahi kumdanganya mtoto.

Mama akasema taratibu, "Wifi, si wewe uliyemtaka?"

"N'namtaka. Wallahi n'namtaka. Lakini sikuomba mtoto wa kudanganywa. Mwambie unamwacha. Mwambie hujui lini utakuja. Ukiweza kumwambia hivyo, mwache, ntamlea kama jicho langu. Ukiwa huwezi, mchukue."

Honi ikalia mara ya pili, ndefu, ya mtu aliyekwisha kukasirika. Mama akanishika mabega. Naikumbuka sura yake ya siku ile kuliko sura yake ya siku aliyokufa: jasho juu ya mdomo, harufu ya papa mkavu bado imo kwenye buibui, na jicho moja limelengwa na machozi peke yake. Alifungua kinywa. Niliuona ulimi ukigusa meno kuanza, ukarudi. Akafungua tena. Mimi nilingoja, na niwaambieni kweli, nilikuwa tayari. Kama angesema, ningekaa. Mtoto hukubali mengi akiambiwa wazi. Ila hakikutoka kitu, pumzi tu, na pumzi hiyo ilikuwa kama ile ya mke wa binamu juu ya sufuria, na nadhani aliisikia mwenyewe. Alijua anachokirudia. Alijua chumba kile kina upana gani, na Baba yuko mbali kiasi gani.

Akanyoosha mkono akalichukua furushi.

"Twende," akaniambia.

Shangazi hakumzuia wala hakumbembeleza. Aliinuka, akatutangulia kwenye ngazi, mkono mmoja ukutani, akishuka polepole kwa sababu ya magoti. Baadaye tulikuja kwenda tena kwake, na tena, Mama na mimi na mdogo wangu, mpaka nikaijua nyumba ile chumba kwa chumba na nikajua saa jua linapoingia kila dirisha. Tulikuwa tukikaa wiki nzima, na tulipoondoka tuliondoka sote. Lakini hayo yalikuwa hayajakuja, na siku ile pale chini, katika kile kivuli cha mlangoni chenye harufu ya ubani, hakuna hata mmoja wetu aliyeyajua.

Mama alikwisha toka kichochoroni anaangalia upande wa lango. Shangazi akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto.

"Utakuja tena, yakhe?"

Jawabu la adabu lilikuwapo, kila mtoto wa kwetu analo mdomoni tangu anapojifunza kusema. Inshallah, Shangazi, nitakuja. Mama akageuka kunitolea macho nilitamke. Nami nikafikiri juu ya Landrova, na binamu kama atatoa ruhusa, na Baba kama atatuita Kuweti, nikaona jambo lenyewe ni kubwa na mimi sina ninachokiweza ndani yake.

"Sijui," nikasema.

Mama akanifinya. Shangazi alinitazama kwa yale macho ya Baba, muda mrefu kidogo, hata nikadhani nimemkosea.

"Afadhali," akasema, akaniachia mkono.